Foklifti haiwaki? Fuata moto kutoka betri mpaka stata kabla hujanunua chochote

Wakuu habari za kazi. Hii naiandika kwa mafundi wenzangu, kwa maopereta wanaoshinda na hizi mashine kwenye maghala, na hata kwa bosi mwenye foklifti moja tu ambaye kila baada ya miezi miwili anaambiwa "stata imekufa tajiri, toa hela", yaani ile mota inayozungusha injini iwake. Kazi yangu ni umeme wa mashine, foklifti, winchi na malori hapa Dar, na kitu kinachoniuma kweli kweli ni kukuta mtu kanunua stata, kanunua betri, kanunua swichi ya ufunguo, na mashine bado imelala pale pale, kumbe shida ilikuwa waya mmoja wa ethi (ule wa kurudisha moto kwenye betri) ambao hakuna aliyeugusa.

Naongelea foklifti ya dizeli ya volti 12, hizi za tani 2.5 na tani 3 zilizojaa kwenye maghala yetu, Toyota, Komatsu, TCM, Mitsubishi, kwenye upande wa kuwasha zinafanana sana. Za tani 5 kwenda juu nyingi ni volti 24, zina betri mbili zimeungwa pamoja, kanuni ni ile ile ila volti nitakazotaja kwa betri we zidisha mara mbili. Zile za umeme mtupu zinazotembea kwa betri kubwa ya volti 48 hizo ni habari nyingine, usichukue haya maelezo ukaenda kuzigusa nayo.

Kwanza usalama, na hapa naomba usiruke. Shusha uma mpaka chini, vuta breki ya mkono, gia weka fri, weka kabari kwenye matairi, vua pete na saa ya chuma. Pete ikigusa chanya ya betri huku imegusa bodi inakuwa nyekundu na kidole kiko ndani yake. Betri inayochajiwa inatoa gesi ya hidrojeni kwa hiyo sigara na cheche mbali. Halafu kuna ule mtindo wa kuchukua bisibisi unaunganisha nyuma ya stata ili izunguke, jamani huo mtindo umeshaua watu. Ukipiga bisibisi umeruka swichi ya fri (inayozuia mashine kuwaka gia ikiwa imeingia), na hizi mashine nyingi zina gia ya automatiki, kama gia imebaki kwenye mbele basi injini ikishika tu mashine inaondoka, na foklifti ya tani 3 yenyewe tupu ina uzito wa zaidi ya tani 4, we umesimama ubavuni kati ya tairi na ukuta. Vipimo vyote nitakavyoeleza humu vinafanyika bila bisibisi, kinachotakiwa ni mita ya kawaida tu, taa ya kupimia, na mtu wa pili wa kukushikia ufunguo.

Sasa elewa moto unapita wapi. Ziko njia mbili. Kuna njia kubwa, waya mnene unatoka chanya ya betri unaenda moja kwa moja kwenye bolti kubwa ya stata (imeandikwa 30 au B), unapita ndani ya stata, unatokea kwenye bodi ya injini, na kutoka bodi ya injini unarudi kwenye hasi ya betri kupitia waya za ethi. Watu wanasahau hii safari ya kurudi, kila mtu anaangalia kwenda tu. Halafu kuna njia ndogo, waya mwembamba unatoka betri, fyuzi kubwa, swichi ya ufunguo, swichi ya fri pale kwenye mkono wa gia, rilei (swichi ndogo inayofungwa kwa umeme), mpaka kwenye kile kiterminali kidogo cha solenoidi (swichi ya sumaku iliyo kwenye stata) kilichoandikwa 50 au S. Njia ndogo kazi yake ni kutoa amri. Amri ikifika, solenoidi inavuta, inasukuma bendiksi (kigia kidogo cha stata) ikamate meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini), na wakati huo huo inafunga mlango wa njia kubwa ili moto mwingi uingie kwenye mota. Ukiishika picha hii kichwani nusu ya kazi umemaliza, sababu swali linabaki moja tu, ni amri haifiki au ni nguvu haifiki.

Kabla hujatoa mita sikiliza. Mwambie mtu awashe taa za mbele, kama mashine haina taa basi abonyeze honi, halafu ageuze ufunguo we uko karibu na injini.

Ukisikia ta-ta-ta-ta-ta haraka haraka na taa zinazima-zima, hapo solenoidi inavuta, volti zinaanguka, inaachia, volti zinarudi, inavuta tena. Hiyo mara nyingi ni betri iliyokwisha au vichwa vya betri vichafu. Ukisikia "tak" moja nzito na taa zinafifia sana, moto mwingi unavutwa lakini hakuna mzunguko, inaweza kuwa stata imekwama au injini yenyewe imekaza, au betri ni dhaifu kabisa. "Tak" moja halafu taa zinabaki nyeupe vile vile, moto hauingii kwenye mota, angalia kopa za ndani ya solenoidi (zinazofunga ule mlango), kaboni (zinazopeleka moto kwenye sehemu ya mota inayozunguka), au waya mnene uliolegea. Kimya kabisa na taa zinawaka vizuri, amri haifiki, nenda njia ndogo. Kimya na taa pia hazipo, fyuzi kubwa au kichwa cha betri kimeachia. Na kama stata inazunguka wiiii lakini injini haizunguki, bendiksi haishiki, hapo ni kushusha stata tu.

Sauti inakupa mwelekeo, mita ndo inakupa jibu. Tuanze na betri.

Kama mashine imetoka kuzimwa sasa hivi, washa taa dakika moja mbili kisha zima, vinginevyo betri itakudanganya kwa kuonyesha namba kubwa ya juu juu. Weka mita kwenye nguzo zenyewe za risasi, siyo kwenye vichwa vya waya. Volti 12.6 na kuendelea imejaa, 12.4 iko kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 imebaki kidogo, chini ya hapo usiendelee na vipimo vingine mpaka uichaji. Lakini namba hii peke yake haitoshi na hapa ndo watu wengi wanaanguka. Betri inaweza kusoma 12.6 ikiwa imepumzika halafu ukigeuza ufunguo inaanguka mpaka 7. Kwa hiyo acha mita pale pale kwenye nguzo, mwambie mtu apige stata, angalia. Ikibaki juu ya 9.6 huku injini inazunguka vizuri, betri iko sawa. Ikianguka chini ya hapo na ulikuwa umeichaji, betri imechoka, au stata inakula moto kupita kiasi. Kutofautisha, weka betri nyingine unayoiamini, kama nayo inaanguka vile vile basi mlaji ni stata.

Kama betri ina vifuniko vya kufungua, tumia kile kipimo cha asidi cha mpira na kioo, pima vyumba vyote sita. Kimoja kikitofautiana na wenzake kwa 0.050 au zaidi, mfano vitano vinasoma 1.260 kimoja 1.180 hata baada ya chaji ya usiku kucha, hicho chumba kimekufa, betri hiyo usiipotezee muda. Foklifti inaua betri kuliko gari sababu haina springi, matairi yenyewe mengi ni mpira mtupu bila upepo, kila shimo la sakafu linapiga sahani za betri moja kwa moja. Ndo maana ile bano ya kushikilia betri siyo pambo, betri inayochezacheza kwenye kibegi chake haifiki mbali.

Tukija kwenye waya, hapa naomba utulie nami kidogo maana ndo roho ya haya maelezo.

Stata ya mashine kama hii ikiwa inazungusha injini inavuta ampea 200 hivi, mwanzoni kabisa inaweza kupita hapo. Chukulia kwenye waya mahali fulani kuna kutu kidogo, ukinzani wa omu 0.01 tu, mita yako ya kawaida ukiweka kwenye alama ya omu au ya mlio haiwezi hata kuuona, italia pii na utasema waya mzima. Sasa piga hesabu, 200 mara 0.01 ni volti 2. Umepoteza volti 2 mahali ambapo mita ilikuambia pazima. Kikiwa omu 0.03 umepoteza nusu ya betri. Ndo maana kupima waya mnene kwa mlio, au kwa kuugusisha uone cheche, au kwa taa ya kupimia, hakukuambii kitu, taa inakula chini ya ampea moja, itawaka hata kwa unyuzi mmoja uliobaki. Waya wa stata unapimwa ukiwa umebeba mzigo, yaani stata ikiwa inavutwa.

Unafanya hivi. Mita weka kwenye volti za DC. Ncha moja weka kwenye nguzo ya chanya ya betri, nyingine kwenye bolti kubwa ya stata, 30 au B, kwenye bolti lenyewe siyo kwenye kiatu cha waya. Mtu apige stata. Mita isome chini ya volti 0.5, nikikuta 0.2 naridhika. Ikisoma zaidi basi unasogea pamoja na waya, nguzo mpaka kichwa, kichwa mpaka waya, waya mpaka bolti, panaposoma volti ndo pana ugonjwa. Kati ya nguzo ya betri na kichwa chake haitakiwi kuzidi 0.1. Halafu rudia upande wa kurudi, ncha moja kwenye nguzo ya hasi, nyingine kwenye bodi ya stata pale palipo chuma kitupu, piga stata, isizidi 0.3. Kama mashine ni ya volti 24 hivi viwango vya kupotea usivizidishe, vibaki hivi hivi. Ni dakika tano tu kazi yote hii, na inakuambia ukweli ambao stata mpya haiwezi kukuambia.

Nikupe kisa. Kuna ghala moja la mbolea niliitwa, foklifti ya tani 3, walishaweka stata mbili na betri moja mpya ndani ya miezi mitano. Opereta ni mzee mmoja mtaratibu sana, akaniambia, "Fundi, hii asubuhi inakohoa mara moja inakaa kimya, tukiibusti inawaka hapo hapo, mchana kutwa inafanya kazi, kesho tena vile vile." Kila fundi aliyepita akisikia ikibustiwa, yaani ikiazimwa moto wa betri nyingine, inawaka, anasema betri. Ina mantiki kabisa, hata mimi ningesema hivyo.

Nikapima betri, 12.6. Nikamwambia mzee apige, "tak", injini ikatikisika kidogo ikagoma, mita kwenye nguzo ikasoma 12.2. Hapo nikasimama. Betri inayoshindwa inaanguka, hii haikuanguka, maana yake moto hautoki kwenda kufanya kazi, kuna kitu kinaubana. Upande wa chanya 0.1, safi. Nikahamisha ncha kwenye hasi ya betri na bodi ya injini, mzee akapiga tena, mita ikasoma 6.8. Yaani zaidi ya nusu ya betri inapotelea kwenye kurudi, stata inabakiwa na volti 5 na kidogo. Na nilipoegemea mkono kwenye kebo ya akselereta nikaiona ina joto, na injini haijawaka tangu jana. Moto ukikosa ethi unatafuta chuma chochote kinachounganisha injini na chesisi, kebo ya akselereta, paipu ya chuma, ukapita humo.

Ujue injini ya foklifti imekalia mpira, zile mauntini, kwa hiyo kwa umeme injini na chesisi ni visiwa viwili, kinachoviunganisha ni waya mmoja wa ethi unaotoka chesisi kwenda kwenye nyumba ya gia, uko chini kule nyuma huuoni mpaka ulale. Nikalala. Waya kwa nje mzuri kabisa, mpira mweusi haujapasuka, bolti imekaza. Nikauchana ule mpira kwa kisu karibu na kiatu, ndani hakuna kopa, kuna unga wa kijani, ukiupuliza unaruka. Vumbi la mbolea na unyevu wa bahari vimeingia kwa nyuma ya kiatu vikala taratibu. Na kwa nini kubusti kulisaidia? Kwa sababu walikuwa wanabana ile klempu nyeusi kwenye injini, ambavyo ndo sahihi, kumbe wanauruka waya mbovu kila siku bila kujua. Niliweka waya mpya wa milimita 50 za mraba, nikakwangua rangi na kutu kwenye chesisi mpaka chuma kikang'aa, nikafunga, nikapaka grisi juu. Kipimo kikashuka mpaka 0.15 na mashine ikawaka kwa mguso. Stata zile mbili zilizotolewa bado zilikuwa stoo, nzima zote.

Kwa hiyo ukiona mashine inayowaka kwa kubusti tu, jaribu kubusti mara mbili, mara moja klempu nyeusi kwenye injini na mara nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri. Ikiwaka kwa injini ikagoma kwa nguzo, umeshapata.

Na kwa vile nimetaja kubusti, utaratibu wake: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu ya pili chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, nyeusi ya mwisho kwenye chuma cha injini mbali na betri. Kutoa unarudi kinyume. Usibusti foklifti ya volti 12 kwa lori la volti 24 kwa kuunga tu klempu, nimeona alternata, kompyuta ya mashine na balbu zote zimeondoka kwa sekunde moja. Kama huna betri ya 12 chukua betri moja tu kati ya zile mbili za lori. Wala usichomoe betri injini ikiwa inaunguruma eti unajaribu kama alternata inachaji, volti zinaruka juu na zinaondoka na vitu vya bei.

Haya, njia kubwa iko safi na bado haizunguki. Weka mita kwenye kiterminali cha 50 na ethi, mtu ashike ufunguo kwenye kuwasha. Kuna volti 10 na zaidi lakini stata kimya au "tak" tu? Ugonjwa uko kwenye stata. Kuthibitisha kopa za solenoidi, weka ncha moja kwenye bolti ya B na nyingine kwenye bolti ya M, ile yenye waya mfupi unaoingia kwenye mota, piga stata. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma 12 wakati umesikia "tak", mlango haujafunga, kopa zimekwisha. Kwenye stata nyingi za Denso hizo kopa mbili zinauzwa zenyewe, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na stata nzima, unafungua mfuniko wa nyuma, unatoa kile kisahani cha katikati, unabadilisha, umemaliza. Angalia kile kisahani nacho kama kimechimbika upande. Kama moto unafika kwenye M na mota haizunguki, kaboni zimekwisha au amecha (ile sehemu ya mota inayozunguka) imeungua. Ukigonga stata kidogo kwa mpini wa nyundo ikazunguka, hizo ni kaboni, ila usifanye ndo utaratibu wa kuwasha mashine maana baadhi ya stata ndani zina sumaku na sumaku inapasuka. Na jambo moja linalochanganya sana, kaboni zikikwisha kabisa hata ile "tak" inaweza isisikike, sababu koili ya kuvuta ndani ya solenoidi ethi yake inapitia kwenye mota, kwa hiyo usikimbilie kusema solenoidi imekufa.

Kama kwenye 50 hakuna kitu, au kuna volti 5, 6, rudi nyuma kwa njia ndogo. Kabla ya yote shika ufunguo kwenye kuwasha huku unachezesha mkono wa gia taratibu kuzunguka fri. Ikishika, ni swichi ya fri, vumbi limeingia au imesogea. Kwenye mashine yenye mkono wa gia kwenye usukani hiyo swichi inagongwa siku nzima, mbele nyuma mbele nyuma, mara mia kadhaa kwa shifti, lazima ichoke. Kisha sikiliza rilei ya stata, weka kidole juu yake, ukigeuza ufunguo uisikie ikigonga. Inagonga lakini haitoi moto, badilishana na rilei nyingine ya namba ile ile hapo kwenye boksi. Haigongi, pima swichi ya ufunguo, inaingia 12 na ikitoka kwenye ST (terminali ya kwenda stata) inatoka 12? Swichi za foklifti zinakaa wazi kwenye vumbi na mvua, ndani zinaungua.

Usisahau swichi ya siti. Kwenye mashine nyingi mpya siti inazuia mashine kutembea na uma kupanda, kuna nyingine inazuia na kuwasha kabisa. Waya zake zinapita kwenye bawaba ya boneti, na boneti la foklifti linafunguka pamoja na siti, kila siku mtu akiangalia maji na oili zinajikunja pale pale. Zinakatika ndani, nje huoni. Shika hizo waya kwenye kona ya bawaba, zivute kidogo moja moja, ule uliokatika ndani unanyooka kama mpira. Uunge kwa kuuchomea risasi uuvalishe bomba la joto, acha kuuziba kwa selotepu na kuukunja na swichi ukaiacha imerukwa moja kwa moja, hiyo swichi inamlinda opereta.

Na panya. Ghala la nafaka, ghala la korosho, panya wanapanda ndani ya boneti sababu pana joto, wanatafuna waya mwembamba wa 50 kwanza, sijui kwa nini wanaupenda. Ukiona vinyesi vyao juu ya betri, anza hapo.

Stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki? Kwa upande wa umeme viko vitu viwili kwenye dizeli. Kwanza ni solenoidi ya kukata mafuta iliyoko kwenye pampu, inahitaji moto muda wote injini inapofanya kazi. Ufunguo kwenye ON, chomoa waya wake na uurudishe, usikie "tik". Halafu pima volti zake wakati wa kupiga stata, siyo kwenye ON tu, maana kuna swichi za ufunguo zilizochoka ambazo ukifika kwenye kuwasha zinakata moto wa ON. Dalili yake utaiona, injini inazungushwa wee haishiki, ukiachia ufunguo tu ndo inataka kushika kidogo. Cha pili ni glo plagi (zinazopasha injini joto kabla ya kuwaka), kwa joto la Dar hazisumbui sana ila ukiwa Iringa au Makete asubuhi utazikumbuka. Pima moto unafika kwenye bati linaloziunganisha, halafu litoe hilo bati upime kila moja na ethi, iliyokatika haisomi kitu. Hivyo viwili vikiwa vizima, hamia kwenye dizeli yenyewe, upepo, filta, hiyo siyo kazi ya mita. Na usishike stata zaidi ya sekunde 10 mpaka 15, pumzisha angalau nusu dakika, stata nyingi zinaunguzwa na mtu aliyekosa dizeli.

Ikishawaka usifunge boneti bado. Pima betri injini ikiwa inaunguruma kwa kasi ya kati, unataka kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo angalia mkanda wa alternata, waya wake mnene, na ile taa ya betri kwenye dashibodi, kama balbu yake imeungua kuna alternata hazianzi kuchaji kabisa. Juu ya 15 unaipika betri, maji yatakauka kila wiki. Kama inachaji vizuri lakini kila asubuhi betri imelala, zima kila kitu, chomoa hasi, weka mita ya ampea katikati, ikizidi miliampea 50 kuna kinachokula usiku, toa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Angalizo, usigeuze ufunguo mita ikiwa hapo, utaiunguza. Mashine inayolala msimu mzima, kama zile za kwenye maghala ya korosho kule Mtwara zinazosubiri mwezi wa 10, chomoa hasi na uichaji betri kila mwezi, betri ikikaa tupu sahani zinaganda na hairudi tena. Na mtu akija kuchomelea kitu kwenye chesisi, chomoa betri kwanza.

Mimi nikimaliza nachukua kipande cha selotepu nyeupe nakibandika ndani ya boneti, naandika tarehe, betri imepumzika 12.6, ikipiga stata 10.4, waya wa chanya 0.2, ethi 0.15, kuchaji 14.1. Fundi anayekuja nyuma yangu haanzi na kubahatisha, na opereta akiona hiyo 10.4 imekuwa 9.7 anajua betri inaelekea kuisha, anamwambia bosi aagize mapema kabla meli haijafunga gati.